Namba ipi iende wapi: SSN, SEVIS, I-94 na nyinginezo kwa anayeomba chuo Marekani

Mwombaji aliyeko Morogoro au Kisumu akifungua fomu ya chuo cha Marekani, mapema tu hukutana na nafasi ya Social Security Number, yaani SSN: tarakimu tisa zilizogawanywa tatu, mbili, nne. Hana, na hatarajiwi kuwa nayo. SSN hutolewa na shirika la hifadhi ya jamii la Marekani, SSA, kwa raia, kwa wakazi wa kudumu na kwa wageni walioruhusiwa kufanya kazi nchini humo. Mtu ambaye hata barua ya kukubaliwa hajaipata hayumo katika makundi hayo. Kwa hiyo jibu sahihi ni kuiacha nafasi hiyo wazi.

Shida ni kwamba nafasi tupu huwatia watu wasiwasi. Mmoja anaweka namba ya NIDA iliyokatwa, mwingine namba ya kitambulisho cha Kenya iliyoongezewa sifuri mbele, wa tatu anaandika 123456789 ili fomu ikubali kwenda ukurasa unaofuata. Tangu mwaka 1936 SSA imetoa zaidi ya namba milioni 450, na namba ya marehemu haipewi mtu mwingine. Ukibuni tarakimu tisa, ni rahisi sana kuangukia namba ya mtu halisi. Mifumo mingi ya udahili huunganisha mafaili kwa SSN: matokeo ya mtihani, maombi ya msaada wa fedha, nakala za masomo. Faili lako linaweza kushikana na la Mmarekani usiyemjua, na kulitenganisha huchukua wiki. Tena, kutumia SSN isiyo yako kwa nia ya kudanganya ni kosa la jinai huko.

Baadhi ya mifumo ya vyuo hugoma kuendelea bila namba. Usibuni. Iandikie ofisi ya udahili mistari miwili: wewe ni mwombaji wa kimataifa, huna SSN, uweke nini? Wao huwa na njia yao, ama kisanduku cha kutiki ama namba ya muda ambayo chuo chenyewe hukupangia. Kwenye Common App, fomu moja ya kuombea vyuo vingi, nafasi hiyo si ya lazima kwako, na usipoijaza haikupunguzii chochote.

Kuhusu nani anapewa viza na nani hapewi, masharti hubadilika na hayamo humu. Maelezo haya ni ya namba tu, kwa mpangilio ambao utakutana nazo.

Namba unazotoka nazo nyumbani

Namba ya mtihani si kitambulisho cha serikali, ingawa wengi huichukulia hivyo kwa sababu imetolewa na chombo cha serikali. Ya NECTA, baraza la mitihani la Tanzania, huwa na muundo kama S0000/0000 ikifuatiwa na mwaka: S na tarakimu nne ni kituo, nne zinazofuata ni mtahiniwa, aliyefanya mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea huanza na P. Ya KNEC, baraza la Kenya, ina tarakimu 11, nane za shule na tatu za mtahiniwa. Mahali pake ni kwenye sehemu ya elimu na kwa wakala anayehakiki vyeti, basi. Iandike pamoja na mwaka, kwa sababu bila mwaka namba hiyohiyo ina wenyewe wengi.

Namba ya pasipoti ndiyo utakayoiandika mara nyingi kuliko zote. Kama pasipoti inakaribia kuisha, ibadilishe kabla ya kuanza maombi. Pasipoti mpya huja na namba mpya, na ya zamani itakuwa imeshasambaa kwenye fomu tano au sita ambazo utalazimika kuzifuata moja moja.

La majina lichukulieni kwa uzito zaidi. Cheti cha kidato cha nne kinaweza kusema Juma Hamisi Mwinyi, pasipoti ikaweka Mwinyi kama jina la ukoo na Juma Hamisi kama majina ya kupewa, na fomu ya chuo ikajazwa Hamisi kama jina la ukoo kwa sababu ndilo la baba. Kuanzia siku ya kwanza fuata pasipoti, herufi kwa herufi, hata pale inapokukera. Cheti kikitofautiana, shughulikia tofauti hiyo kwa kiapo au kwa hati ya kubadili jina, usiishughulikie kwa kuandika jina jingine kwenye fomu ya chuo. Jina lililo kwenye fomu ya chuo ndilo hufika kwenye I-20, yaani fomu ambayo chuo hukupa ili uombee viza, na kutoka hapo husambaa hadi kwenye kadi ya SSN. Mwenye jina moja tu kwenye pasipoti ataona nafasi ya jina la kwanza ikijazwa FNU. Hapo hakuna kosa la chapa. Huo ni ufupisho wanaoutumia kuonyesha kwamba jina la kwanza halijulikani.

Namba ya SEVIS

Chuo kikishakukubali na kuridhika na uthibitisho wa fedha, hutoa I-20. Juu yake kuna namba inayoanza na herufi N ikifuatiwa na tarakimu kumi, za kwanza zikiwa sifuri. Hiyo ni namba yako kwenye SEVIS, kanzidata ya wanafunzi wa kigeni. Wanaokwenda kwa viza ya J-1, ile ya programu za kubadilishana, huipata kwenye fomu ya DS-2019.

Namba hii huhitajika kulipia ada ya SEVIS, iitwayo I-901, kwenye tovuti ya fmjfee.com: dola 350 kwa F-1, yaani viza ya mwanafunzi, dola 220 kwa J-1 wengi, viwango vilivyoanza Juni 2019. Lipa mapema, angalau siku tatu za kazi kabla ya mahojiano, na uchapishe stakabadhi. Wenye uraia wa Kenya, au waliozaliwa Kenya, wasome kwanza maelekezo ya malipo: nchi hiyo imekuwa kwenye orodha fupi ya zile ambazo ada hii hailipwi kwa kadi, na njia zilizokuwa zikikubaliwa ni Western Union au hundi ya dola. Mzazi asiyelijua hili huhangaika na benki yake akidhani kadi ndiyo mbovu.

Aliyekubaliwa na vyuo vitatu anaweza kuwa na I-20 tatu, kila moja na namba yake ya SEVIS. Lipia moja tu, ile utakayoitumia. Ukishalipa kisha ukabadili chuo, usilipe mara ya pili. Tovuti hiyohiyo ina sehemu ya kuhamisha malipo kutoka namba ya zamani kwenda mpya. Kinachowakwamisha watu ubalozini ni kulipia namba ya chuo A, kujaza DS-160, fomu ya kuomba viza, kwa namba ya chuo B, kisha kwenda na I-20 ya chuo C. Kabla ya kutoka nyumbani ziweke karatasi hizo tatu mezani na ulinganishe namba kwa kidole.

DS-160: nafasi tano zinazofanana

Hii ndiyo fomu inayokuuliza namba nyingi zaidi kwa mkupuo mmoja, na baadhi zinafanana kiasi cha kuchanganya.

National Identification Number ni kitambulisho cha nchi yako mwenyewe. Hapa, na kwa kweli ni hapa tu, ndipo namba ya NIDA ina kazi: tarakimu 20 ziandikwe mfululizo bila vistari. Kuwa na namba bila kadi si tatizo, kinachoulizwa ni namba. Linganisha tarakimu nane za mwanzo na pasipoti, maana ndizo tarehe yako ya kuzaliwa kwa mpangilio wa mwaka, mwezi, siku. Zikitofautiana na pasipoti, nenda NIDA au Uhamiaji urekebishe kabla ya kuwasilisha. Mkenya huandika namba ya kitambulisho chake, Mganda NIN yake yenye herufi na tarakimu 14, Mnyarwanda tarakimu zake 16. Aliye chini ya miaka 18 na hajapewa kitambulisho hutiki Does Not Apply.

U.S. Social Security Number na U.S. Taxpayer ID Number: Does Not Apply zote mbili, isipokuwa umewahi kuishi Marekani ukapewa mojawapo. Aliyewahi kwenda huko kwa kazi za likizo kwa viza ya J-1 huenda alipewa SSN. Namba hiyo haifi, aiandike.

Passport Book Number ni kitu kingine mbali na namba ya pasipoti. Ni namba ya kijitabu chenyewe, ambayo baadhi ya nchi huiweka na nyingine haziiweki. Kama pasipoti yako haina namba ya pili iliyotajwa kwa jina hilo, tiki Does Not Apply. Usirudie namba ya pasipoti.

Mwishoni utaulizwa namba ya SEVIS na jina la chuo. Ukimaliza, ukurasa wa uthibitisho hukupa namba inayoanza na AA00. Hiyo ndiyo inayofunga miadi yako ya mahojiano. Ukigundua kosa ukajaza DS-160 upya, namba hubadilika. Ingia kwenye akaunti ya miadi uiweke mpya, la sivyo ubalozini utaonekana umekuja na fomu isiyo ya miadi hiyo.

Viza ikishabandikwa, tarakimu nyekundu chini upande wa kulia ndizo namba ya viza. Iliyo juu ni ya udhibiti wa ndani. Fomu nyingi zinazouliza namba ya viza zinataka ile nyekundu.

I-94, ambayo hakuna atakayekupa mkononi

Ukiingia kwa ndege, rekodi ya kuingia nchini, yaani I-94, hutengenezwa kielektroniki, na hivyo ndivyo ilivyo tangu 2013. Usipoitafuta mwenyewe hutaiona. Siku mbili tatu baada ya kufika, fungua i94.cbp.dhs.gov, weka jina, tarehe ya kuzaliwa, namba ya pasipoti na nchi iliyoitoa, kisha chapisha. Namba yake ina alama 11: tarakimu tisa, herufi moja, tarakimu moja. Za kabla ya Mei 2019 zilikuwa tarakimu tupu, kwa hiyo usishangae fomu ya zamani ikikataa herufi.

Tovuti ikijibu kwamba haikuoni, usikate tamaa mapema. Jaribu kuunganisha jina la kwanza na la kati kwenye nafasi moja. Jaribu kubadilishana jina la ukoo na la kupewa. Jaribu bila jina la kati. Hakikisha tarehe umeiweka kwa mpangilio wa Kimarekani, mwezi kwanza: 04/07 kwao ni tarehe 7 Aprili, kwetu ni tarehe 4 Julai. Ikionekana lakini ina kosa, kwa mfano daraja la viza limeandikwa B-2, la watalii, badala ya F-1, mwambie afisa wa chuo anayesimamia wanafunzi wa kigeni, yule anayeitwa DSO, naye atakuelekeza kwenye ofisi ya forodha na mipaka inayorekebisha rekodi hizo. Fanya hivyo kabla ya kwenda SSA. Kosa la I-94 husimamisha kila kitu kinachofuata.

SSN yenyewe

Mwanafunzi wa F-1 hapewi SSN kwa kuwa mwanafunzi. Anapewa kwa sababu ya kazi halali. Milango ya kawaida ni mitatu: kazi ndani ya chuo, mafunzo ya vitendo yaliyo sehemu ya masomo, yaani CPT, na mafunzo ya vitendo ambayo kwa kawaida huja baada ya masomo, yaani OPT. Kutaka kufungua akaunti ya benki, kukodi chumba au kupata laini ya simu hakufungui mlango wowote, na benki nyingi zilizo karibu na vyuo humfungulia mwanafunzi akaunti kwa pasipoti na I-20. Mwenzi au mtoto aliyekuja kwa F-2, viza ya wategemezi wa mwanafunzi, hapewi kabisa.

Kwa kazi ya ndani ya chuo, ambayo haizidi saa 20 kwa wiki masomo yakiendelea, unahitaji barua mbili. Ya kwanza hutoka kwa mwajiri, yaani maktaba, jiko la wanafunzi au idara: itaje aina ya kazi, tarehe ya kuanza, saa kwa wiki, jina na simu ya msimamizi na namba ya mwajiri ya kodi, EIN, iwe na saini na tarehe. Ya pili hutoka kwa DSO, ikithibitisha kwamba wewe ni mwanafunzi wa chuo hicho na kumtaja mwajiri na kazi. Kwa CPT, I-20 yenye idhini iliyosainiwa na DSO inatosha badala ya barua hizo. Kwa OPT, kadi ya kibali cha kazi I-766. Fomu ya I-765, ya kuombea kadi hiyo, ina sehemu ya kuomba SSN papo hapo, na ukiijaza unaweza kuepuka safari ya ofisini.

Hizo barua, pasipoti yenye viza, I-20, chapisho la I-94 na fomu ya kuombea SSN, SS-5, ndivyo vitu vya kubeba. SS-5 inaweza kuanzwa kwenye ssa.gov, lakini nyaraka lazima zionwe ofisini, na uweke miadi kabla ya kwenda. Ni nyaraka halisi. Nakala hazikubaliwi hata zikiwa na mhuri wa wakili. Huduma ni bure.

Muda una mitego miwili, na wanaonaswa nayo kwa kawaida ni wale wenye haraka. SSA huhakiki hadhi yako kwa kuuliza mfumo wa Idara ya Usalama wa Ndani ya Marekani, DHS. Ukienda siku ya tatu baada ya kutua, rekodi yako ya kuingia huenda haijafika huko, na DSO huenda hajakusajili SEVIS kuwa umeripoti. Karani hatakuambia urudi kesho. Atapokea maombi, uhakiki wa mashine utashindikana, faili litapelekwa kwenye uhakiki wa mikono, na kadi ambayo ingekuja kwa wiki mbili hivi itachukua wiki nyingi. Subiri siku kumi tangu kuwasili, uwe umeripoti chuoni na DSO amethibitisha kwamba SEVIS yako imeamilishwa. Mtego wa pili uko upande wa mbele: kama kazi ya chuoni inaanza baada ya zaidi ya siku 30, maombi hayashughulikiwi. Vilevile kadi ya OPT ambayo tarehe yake ya kuanza haijafika hairuhusu kuomba.

Kwenye SS-5, hadhi ya kutiki ni mgeni halali anayeruhusiwa kufanya kazi. Nafasi ya SSN ya wazazi iachwe, kuna kisanduku cha kusema haijulikani. Anuani iwe mahali ambapo jina lako limo kwenye sanduku la barua. Wanaohamahama kati ya bweni na nyumba ya rafiki hupoteza kadi kwa njia hii, maana ikirudishwa na posta hakuna atakayekupigia simu.

Kadi itakuja imeandikwa kwamba ni halali kwa kazi pale tu unapokuwa na idhini ya DHS. Ni kawaida kwa wanafunzi wote. Na huhitaji kungoja kadi ndipo uanze kazi: sheria inaruhusu kuanza ukiwa umeshaomba, na mwajiri hutumia barua ya SSA inayosema umeomba. Idara ya mishahara ikikuzuia, mpeleke DSO wako akazungumze nao.

Kama huna kazi na ofisi ya leseni za udereva inadai SSN, nenda SSA uombe barua ya kukataliwa, fomu SSA-L676. Majimbo mengi huikubali.

Kodi bila SSN

Mwenye ufadhili unaotozwa kodi, mathalani wa chakula na malazi, lakini hana kazi, huombewa ITIN, yaani namba ya kodi ya asiyestahili SSN. Nayo ina tarakimu tisa, ila huanza na 9, na hakuna SSN inayoanza na 9. Ukijua hilo hutazichanganya. Huombwa mamlaka ya kodi, IRS, kwa fomu W-7. Usitume pasipoti yako kwa posta kama chuo kina ofisi iliyoidhinishwa kuihakiki, na vingi vinayo. ITIN isiyotumika kwenye ritani miaka mitatu mfululizo huisha. Ukipata SSN baadaye, acha kuitumia ITIN na uwaarifu IRS waunganishe kumbukumbu.

Asiyekuwa na kipato chochote hahitaji namba yoyote kati ya hizo, lakini bado huitumia IRS fomu 8843 kila mwaka, kwa kawaida kabla ya tarehe 15 Juni. Nafasi ya namba ya kodi huachwa tupu.

Waliokwisha kuwa Marekani

Familia nyingi za Wakongo na Warundi zinazozungumza Kiswahili ziliingia Marekani kama wakimbizi, na vijana wao wanaomba vyuo wakiwa na SSN na pengine kadi ya kijani. Hawa si waombaji wa kimataifa. Hawahitaji I-20 wala SEVIS, na wasikubali kujaziwa fomu za wageni. Kwa FAFSA, fomu ya msaada wa serikali kuu, mwenye kadi ya kijani huchagua raia wa kigeni anayestahili kisha huandika namba ya usajili wa mgeni, yenye herufi A mbele. Fomu inataka tarakimu tisa. Yako ikiwa na nane, tanguliza sifuri. Mzazi asiye na SSN anaweza kufungua akaunti ya FAFSA bila namba. Asiweke ITIN kwenye nafasi ya SSN.

Mwanafunzi wa F-1 hana haki ya FAFSA. Kuna wanaoshauriwa na jamaa watiki raia wa Marekani ili fomu ipite. Kudai uraia usio wako, kwenye FAFSA au kwenye fomu ya ajira I-9, kunaweza kukufungia mlango wa viza na ukazi maisha yote, na kusema ulikosea kutiki hakusaidii sana. Vyuo vinavyowafadhili wageni hutumia CSS Profile au fomu yao wenyewe, nazo hazikudai SSN.

Kuzitunza

Tengeneza karatasi moja yenye namba zako zote na tarehe zinapoisha, uiache nyumbani. Kadi ya SSN isikae kwenye pochi. Ukishaikariri huihitaji tena isipokuwa siku ya kuajiriwa. Usitume picha yake kwa WhatsApp wala barua pepe. Kazini ipeleke mkononi au kwenye mfumo rasmi wa mwajiri. Simu inayodai SSN yako imesimamishwa na ulipe kwa kadi za zawadi ni ya matapeli, kata. SSA haisimamishi namba. Ukiipoteza kadi, nyingine ni bure, ila kuna kikomo: tatu kwa mwaka, kumi kwa maisha yote.